Begi Jepesi Linalostahimili Maji Ni Begi la Namna Gani?

Begi linalostahimili maji ni begi linaloyachelewesha maji kuingia. Manyunyu ya nusu saa hayalisumbui, wala maji ya dimbwi yanayokurukia gari likipita. Mvua ya masika ya kutwa nzima ni habari nyingine, na likidumbukia mtoni ndiyo kabisa. Begi lisiloingiza maji hata tone lipo, ila hilo ni chombo tofauti: vipande vyake vimeunganishwa kwa joto bila sindano, mdomo wake hukunjwa, na mara nyingi ni zito na halina mifuko ya nje. Wauzaji huyachanganya haya mawili kila siku, na mnunuzi hulipia la pili akaondoka na la kwanza.

Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji kama begi linazuia maji, jibu lake halitakusaidia. Angalia mwenyewe linayazuia wapi na kwa muda gani. Anzia kwenye kitambaa.

Mabegi mengi mepesi hushonwa kwa nailoni au poliesta. Nailoni, iliyovumbuliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, ina nguvu zaidi kwa uzito uleule na huvumilia kukwaruzwa, lakini hunywa maji kidogo na kulegea ikilowa. Poliesta karibu hainywi maji, na jua haliichoshi upesi. Kwenye lebo utakuta maandishi kama 70D, 210D au 600D. D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 210D, kilomita tisa zake zina gramu 210. Namba ikipanda, uzi unanenepa, kitambaa kinakuwa kigumu na begi linakuwa zito. Mabegi mengi ya shule ni poliesta ya 600D, na ndiyo maana yanahisika mazito hata yakiwa matupu. Kwa begi jepesi la safari, 210D mwilini na 420D kitakoni ni mchanganyiko mzuri. Chini ya 100D utapata wepesi wa ajabu, lakini pita nalo mbali na miiba ya migunga. Ukiona kitambaa chembamba chenye vimiraba vidogo vilivyofumwa kwa uzi mnene zaidi, hivyo si urembo: kikichanika, mchaniko hukomea kwenye kimraba badala ya kuendelea.

Denia haikuambii lolote kuhusu maji, na hapo wengi hudanganyika. Kitambaa kinene kilichofumwa kwa uzi mzito hupitisha maji kama hakijapakwa kitu. Kinachozuia ni tabaka mbili. Ya kwanza iko nje, dawa nyepesi inayofanya maji yasishike. Mwaga tone juu ya begi jipya, utaliona likijikusanya na kuteleza kama maji kwenye jani la gimbi. Dawa hii huisha kwa vumbi, jasho, msuguano na sabuni. Ikiisha, tone halijikusanyi tena bali husambaa na kuacha alama nyeusi, na kitambaa kinabeba maji yanayoongeza uzito hata kabla hayajaingia ndani. Kwa miaka mingi dawa hizi zilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki katika mazingira. Sheria zimeanza kuzibana; jimbo la California lilizipiga marufuku kwenye nguo na bidhaa za vitambaa kuanzia Januari 2025. Dawa mpya hufukuza maji vizuri ila hushindwa na mafuta ya mwili, hivyo begi la siku hizi linahitaji kufuliwa mara nyingi zaidi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, bila dawa ya kulainisha nguo.

Tabaka ya pili iko upande wa ndani, ule utando wa poliyurethani au silikoni unaong'aa ukigeuza begi ndani nje. Huo ndio ukuta wenyewe, na nguvu yake hupimwa kwa milimita. Maabara hubana kitambaa, wakakiwekea shinikizo la maji linalopanda polepole, wakaandika urefu wa safu ya maji ambao kitambaa kinaanza kuvuja. Kitambaa cha milimita 1,500 kinahimili uzito wa maji yaliyosimama mita moja na nusu juu yake. Namba hiyo ndiyo hutumiwa sana kama mpaka wa kukiita kitambaa kuwa hakipitishi maji.

Inasikika kubwa, lakini fanya hesabu. Maji yenye kimo cha milimita 1,500 hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa gramu 150. Chukua begi la kilo 12, litue kwenye ardhi iliyolowa, na tuseme linagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 80, kama kiganja cha mkono tu. Kilo 12 kugawa kwa 80 ni gramu 150 zilezile. Yaani kitendo cha kulitua begi kwenye matope kinatosha kulifikisha kwenye kikomo chake. Ndiyo maana kitako hulowa kwanza, kisha sehemu ambayo kona ya kitabu au sufuria inasukuma kitambaa kutoka ndani. Mtengenezaji anayeijua kazi yake huweka kitambaa kizito chini na kuokoa gramu kwingine.

Hata hivyo, kitambaa chenyewe mara chache ndicho chanzo cha kulowa. Maji huingia kwenye matundu. Kila mshono ni mstari wa matundu ya sindano, na uzi hunywa maji na kuyavuta ndani. Mabegi bora hubandikwa tepu juu ya mishono kwa ndani. Geuza begi uiangalie, utaihisi kwa kidole. Kama haipo, gundi ya mishono ya silikoni au poliyurethani, kulingana na utando, hufanya kazi hiyo kwa jioni moja. Zipu nayo ni mlango. Zipu iliyofunikwa utando mweusi laini hufukuza maji lakini haiyazuii kabisa, na ile ya kawaida iliyokaa juu ya begi bila kifuniko ni mfereji. Mimi huchagua mdomo wa kukunja kila ninapoweza: unaukunja mara tatu, unabana klipu, na maji hayana njia. Hasara yake ni kwamba kukitoa kitu cha chini kabisa kunakulazimu ufungue vyote, jambo linalowaudhi wanaosafiri kwa basi na kuhitaji kitambulisho kila kituo cha ukaguzi. Kwa hao, zipu yenye ulimi mpana wa kitambaa juu yake inatosha.

Kuna njia moja zaidi ambayo wengi hawaifikirii: mgongo wa begi. Kifuniko cha mvua kinachouzwa pamoja na begi hufunika mbele, juu na ubavuni, lakini upande unaogusa mgongo wako unabaki wazi. Maji hushuka kwenye koti, yakafika kwenye sifongo la mgongoni na kupenya taratibu. Upepo nao hukivua kifuniko. Kwa matembezi ya mjini ni msaada mkubwa. Mlimani usikitegemee peke yake.

Mlima Kilimanjaro unaeleza hili kuliko maabara yoyote. Anayepanda kwa njia ya Machame huanza karibu mita 1,800 na kumaliza siku ya kwanza karibu mita 3,000, saa tano hadi saba za kutembea ndani ya msitu wa upande wa kusini, unaopata mvua nyingi. Hapo begi linalostahimili maji hukutana na kitu kilicho kigumu zaidi kwake kuliko mvua kubwa ya dakika kumi, nacho ni unyevu usiokatika. Kisha siku zinazofuata baridi inaongezeka, na kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600. Blanketi la kulalia lililojazwa manyoya ya bata likilowa huko chini, manyoya hugandamana na joto huondoka, na usiku wa kuelekea kileleni cha mita 5,895 hakuna mahali pa kulikaushia.

Tazama wapagazi wanavyofunga mizigo getini. Begi la mgeni, hata liwe la bei gani, wengi hulitia ndani ya mfuko mwingine mzito au kiroba, wakalifunga mdomo kabla ya kulipeleka kwenye mizani. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, kwa hiyo kila gramu ya begi tupu inahesabiwa mgongoni mwa mtu. Watu hawa wameujua mlima kwa miguu yao, na wanachofanya ndicho ninachomshauri kila anayenunua begi: wepesi na ustahimilivu uutafute kwenye begi, ukavu uutafute kwenye mfuko wa ndani.

Mfuko wa ndani ni ule wa kukunja mdomo, wa nailoni yenye utando, wa lita 10 hadi 40. Nguo na blanketi la kulalia vinaingia humo, simu na hati zinapata mfuko wake mdogo. Zamani mtu angetumia rambo tu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 28, 2017, Tanzania ikafuata Juni 1, 2019, na Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008. Marufuku hiyo ilikuwa sahihi, na kwa msafiri haikupunguza kitu, kwa sababu rambo lilikuwa likitoboka siku ya pili. Fundi wa maturubai anaweza kukushonea mfuko wa kudumu miaka, ilimradi umwambie aache mdomo mrefu wa kukunja na apake gundi mishono.

Kwa mfuko wa ndani, begi lenyewe linaweza kuwa jepesi kweli. La lita 40 lenye uzito wa kilo moja hadi moja na nusu linatosha safari ya wiki. Mengi ya kawaida ya ukubwa huo yanakaribia kilo mbili, na mengine yanazidi. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 7 tu za mzigo wa mkononi, kwa hiyo begi la kilo mbili limeshakula zaidi ya robo ya haki yako. Ila wepesi una mahali pa kuishia. Begi lisilo na fremu ni zuri hadi kilo tisa au kumi za mzigo; zaidi ya hapo linajikunja na kuning'inia mabegani. Mkanda wa kiunoni uliokaa juu ya mifupa ya nyonga huhamisha sehemu kubwa ya uzito kutoka mabegani, na gramu mia mbili za mkanda huo na fremu zinalipa. Pima mgongo wako kabla ya kununua: inamisha kichwa, shika mfupa unaochomoza shingoni, pima hadi usawa wa juu ya nyonga. Urefu huo ndio unaochagua saizi ya begi, si urefu wako wa kusimama.

Baharini mambo yanabadilika. Kwenye boti la kutoka Nyamisati kwenda Mafia, begi lililowekwa sakafuni linaweza kukaa ndani ya maji ya ngama kwa safari nzima, na begi la kustahimili maji halikutengenezwa kwa hilo. Hapo chukua begi lisiloingiza maji kabisa. Baadhi huandikwa IPX7, maana yake kilichopimwa kilizamishwa mita moja kwa dakika 30 bila kudhurika. IPX4 ni maji ya kurukiwa tu.

Pwani ina adui mwingine: joto na unyevu hula utando wa poliyurethani hata begi likiwa kabatini. Utando huanza kunata, unatoa harufu ya uchachu, kisha unabanduka magamba. Usiliache begi kwenye buti la gari, wala usilikunje likiwa na unyevu. Kama unanunua mitumba, iwe soko la Karume la Dar es Salaam, Memorial ya Moshi au Gikomba ya Nairobi, usianze na mikanda wala zipu. Geuza begi, sugua ndani kwa dole gumba, nusa. Likinata, liache hata kama nje linaonekana jipya, maana utando ukishaoza hakuna dawa ya kuurudisha. Dawa ya nje iliyoisha haina shida, hiyo hupuliziwa upya.

Ukifika nalo nyumbani, lijaze magazeti makavu, lifunge, liweke chini ya bomba la bafuni dakika kumi na tano, uligeuze ubavu na mgongo. Kisha toa gazeti moja moja. Lililolowa litakuonyesha mshono wa kupaka gundi, na kama yaliyolowa ni ya kitakoni tu, mfuko wako wa ndani uanzie hapo.