Kipimo cha Kidoleni, Mashine ya Hewa na Bangili ya Nguvu: Maswali na Majibu

Tangu janga la UVIKO-19 lilipoingia, kipima oksijeni kimetoka wodini na kuhamia kwenye droo za nyumbani, na nyuma yake vimefuata vifaa chungu nzima: mashine za kusafisha hewa, saa zinazohesabu usingizi, bangili zinazodaiwa kurudisha nguvu mwilini. Muuzaji huvipanga vyote kwenye kabati moja, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea, kwa kuwa kifaa kinachopima, kifaa kinachotibu na kifaa cha kupamba mkono huonekana sawa vikiwa ndani ya boksi. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa mtu mzima anayejinunulia au anayemnunulia mzazi wake, na hayachukui nafasi ya tabibu.

Swali: Kipima oksijeni cha kidoleni kinapima nini hasa?

Jibu: Kifaa hiki, chenye umbo la kibanio cha nguo, hupitisha kwenye kidole mwanga wa aina mbili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hukadiria ni asilimia ngapi ya hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, imeibeba kweli, kwa kuwa hemoglobini iliyobeba na ile isiyobeba hunyonya mwanga huo kwa viwango tofauti. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, njia ya kutumia mapigo ya damu ili kutofautisha damu ya mishipa ya ateri na nyama iliyoizunguka. Kwenye kioo hutokea namba mbili, moja ya oksijeni na nyingine ya mapigo ya moyo kwa dakika, na wengi huzichanganya. Nimeona mzee akiletwa mbio kwa sababu "oksijeni yake ni 72", kumbe hayo ni mapigo ya moyo, tena mazuri kabisa.

Mtu mzima mwenye afya anayeishi pwani kwa kawaida husoma kati ya 95 na 100. Anayeishi mahali pa juu, kama Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, anaweza kusoma pungufu kidogo bila kuwa mgonjwa. Namba ikiwa chini ya 90 kwa mtu aliyetulia, na ikabaki hapo baada ya kurudia kupima, hakuna sababu ya kusubiri kuche: aende hospitali.

Swali: Mbona kila nikipima napata namba tofauti?

Jibu: Mara nyingi kosa ni la kidole. Kidole chenye baridi hakina damu ya kutosha ya kusomwa, na mkono unaotikisika hukivuruga kifaa. Keti dakika chache, sugua viganja mpaka vipate joto, vaa kifaa, kisha ngoja hadi namba itulie kwa karibu dakika nzima kabla ya kuiandika. Rangi ya kucha nayo huzuia mwanga, na kwa upande wetu wa pwani kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja: piko. Bibi harusi wa juzi, aliyechorwa mpaka kwenye ncha za vidole, anaweza kuvikwa kifaa vidole vyote kumi na kioo kikaonyesha vistari vitupu. Hina ya kawaida, iliyo nyekundu, haina usumbufu mkubwa. Rangi nyeusi ya piko ndiyo inayofunga mwanga. Jaribu kukigeuza kifaa kikae ubavuni mwa kidole, mwanga upite upande hadi upande bila kugusa ukucha.

Lipo pia suala la rangi ya ngozi, nalo halitajwi sana madukani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 na madaktari wa Michigan ulilinganisha namba za kifaa na damu yenyewe iliyopimwa maabara. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, waliokuwa chini ya 88 kwa hakika walikuwa asilimia 11.7 kwa watu weusi na asilimia 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi asiishike namba moja kama hati ya mahakama. Aangalie inaelekea wapi kutoka jana hadi leo, na kama anahema kwa shida, shida hiyo iaminiwe kuliko kioo.

Swali: Tulilala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi. Asubuhi kichwa kinauma na kichefuchefu kipo, lakini kipimo kinasema 98. Je, tuko salama?

Jibu: Hapana, na hili ndilo swali ninalotaka lisomwe na kila mtu. Mkaa unaoungua kwenye hewa finyu hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hemoglobini iliyotekwa na gesi hiyo hunyonya mwanga karibu sawa na ile iliyobeba oksijeni, na kifaa cha kidoleni hakiwezi kuzitofautisha. Kinaona damu nyekundu na kuandika 98 huku ubongo ukikosa hewa. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito kwa watu wawili au watatu waliolala chumba kimoja ni dalili inayotosha. Fungua milango, toka nje na kila mtu, kisha nendeni hospitali na mseme wazi kwamba mlilala na jiko. Kuliingiza jiko chumbani "likishakolea na moshi kuisha" hakusaidii, kwa sababu moshi ndio unaoonekana, ilhali gesi haionekani.

Swali: Je, mashine ya kusafisha hewa inafaa kwa nyumba ya kawaida?

Jibu: Inategemea hewa hiyo imechafuliwa na nini. Mashine yenye chujio la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembechembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3, kwa hiyo inapunguza vumbi, chavua na sehemu ya moshi katika chumba kilichofungwa kinacholingana na uwezo wake. Haizuii gesi niliyoitaja hapo juu, wala haiwezi kushindana na nyumba ambayo madirisha yake yako wazi mchana kutwa. Kwa familia inayopikia kuni au mkaa ndani, fedha hiyo iende kwanza kwenye jiko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee, na Tanzania imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unaolenga kufikia asilimia 80 ya wananchi. Mtungi wa gesi hauuzwi kama kifaa cha afya, lakini mapafu ya mpishi hayajali umeuzwa kwa jina gani.

Epuka mashine inayojisifu kutoa ozoni. Ozoni huwasha njia ya hewa na inaweza kuamsha pumu.

Swali: Na zile zinazotoa mvuke wa kuongeza unyevu?

Jibu: Aliye Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ana unyevu kupita mahitaji yake, akiongeza mwingine anakaribisha ukungu ukutani, na ukungu ni adui wa mwenye pumu. Zinaweza kumfaa ndugu aliye Muscat au Dubai analala na kiyoyozi usiku kucha, au aliye Toronto wakati wa baridi, ambako joto la ndani hukausha pua mpaka ikatoka damu. Hata huko unyevu wa chumba ubaki kati ya asilimia 30 na 50, maji yabadilishwe kila siku na tangi lisafishwe. Dawa za kuulia vijidudu zisiwekwe kamwe ndani ya maji hayo. Mwaka 2011 Korea Kusini iligundua kwamba ugonjwa mkali wa mapafu ulioua watu wengi, wakiwemo kina mama na watoto, ulitokana na dawa zilizouzwa madukani kwa ajili ya kusafishia mashine hizo, kwa kuwa watu walizivuta pamoja na mvuke.

Kuhusu kujifukiza kwa sufuria ya maji ya moto, mtu mzima aliyeziba pua anaweza kupata nafuu ya muda. Mtoto asiinamishwe juu ya sufuria. Wanaoungua ni wengi mno kwa faida ndogo kama hiyo.

Swali: Mwanangu ana pumu. Ninunue nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta?

Jibu: Uliza kwanza kama pampu yake ya salbutamoli inatumiwa ipasavyo, maana dawa inayopulizwa mdomoni moja kwa moja huishia kwa wingi kooni na kwenye ulimi. Kinachokosekana nyumba nyingi ni kile chombo cha kati kinachoitwa speisa, ambacho huipokea dawa na kumpa mtoto nafasi ya kuivuta taratibu kwa pumzi zake za kawaida, na katika shambulio lisilo kali sana hufanya kazi sawa na nebulaiza bila kuhitaji umeme. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba hata chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kutumika: tundu linalobana mdomo wa pampu hutobolewa kitakoni, mtoto akavuta kupitia shingo ya chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mwache avute pumzi tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Chupa ioshwe kwa maji na sabuni ya vyombo, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwani kusugua plastiki huifanya ivute dawa kwenye kuta zake. Mwoneshe mhudumu wa afya ulivyoitengeneza kabla ya siku ya shida kufika.

Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, anayebonyea mbavu akivuta hewa, au ambaye ulimi na ndani ya midomo vimekuwa vya samawati, apewe dawa hiyo njiani mkielekea hospitali.

Swali: Mume wangu hukoroma sana na mchana husinzia hata akiwa anaongea. Nimnunulie saa ya kupima usingizi?

Jibu: Kifaa unachokihitaji kwanza unacho tayari, nacho ni simu yako. Mrekodi akiwa amelala. Ukisikia mkoromo, kisha kimya cha sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka kama aliyepaliwa, na hali hiyo ikajirudia, mpelekee daktari rekodi hiyo. Yawezekana njia yake ya hewa inajifunga usingizini, na hali hiyo huandamana na shinikizo la damu na ajali za barabarani. Saa ya mkononi hukisia usingizi kwa kufuata mjongeo wa mkono na mapigo ya moyo. Haioni mawimbi ya ubongo na haitoi uthibitisho wa ugonjwa. Uthibitisho hutolewa na kipimo cha usingizi cha kitabibu.

Akithibitika, tiba ya uhakika ni mashine iitwayo CPAP, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, ambayo husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Shinikizo lake hupangwa na mtaalamu, kwa hiyo kununua ya mtu mwingine na kuivaa tu ni kubahatisha. Wiki za mwanzo zinachosha, barakoa inabana, na umeme ukikatika usiku mgonjwa huamka. Betri ya akiba ipangiwe bajeti tangu mwanzo. Kupunguza uzito, kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu husaidia sambamba na mashine.

Swali: Saa inasema nimelala vibaya, nami nimeamka mzima. Nimwamini nani?

Jibu: Jiamini mwenyewe.

Swali: Bangili na vidani vya nguvu vinasaidia uchovu?

Jibu: Havisaidii, na baadhi vinadhuru. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilitangaza bidhaa kumi, zikiwemo bangili, vidani na kinga ya macho ya kulalia, ambazo zilikuwa na mionzi inayoweza kudhuru ngozi na viungo kwa anayezivaa muda mrefu, ilhali ziliuzwa kwa ahadi ya kumkinga mtu. Aliyechoka kwa wiki kadhaa apime wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na, kwa mwanamke, aulizwe kuhusu hedhi nzito na ujauzito; upungufu wa damu peke yake unatosha kumfanya mtu apande ngazi kama mzee. Huzuni ya muda mrefu nayo huchosha mwili, na haionekani kwenye kipimo chochote cha mkononi.

Ipo taa moja yenye ushahidi, nayo ni ile ya mwanga wa lakisi 10,000 (lakisi ni kipimo cha ukali wa mwanga) inayowashwa karibu nusu saa asubuhi kwa wanaozongwa na huzuni ya majira ya baridi huko Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwetu jua la saa mbili asubuhi linatoa mwanga huo bure.

Swali: Baba ameruhusiwa kutoka hospitali na tumeambiwa atumie mashine ya oksijeni nyumbani. Tuzingatie nini?

Jibu: Mashine hiyo haitengenezi oksijeni, bali huchukua hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21, huichuja nitrojeni, na kutoa hewa yenye oksijeni ya takriban asilimia 90 na zaidi. Lita kwa dakika zimeandikwa kwenye cheti cha baba. Usiziongeze kwa huruma, kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa mapafu wa siku nyingi huzidiwa na oksijeni nyingi. Iwekwe mbali na ukuta na mapazia ili ivute hewa, chujio lioshwe kila wiki, na pawepo mtungi wa akiba kwa siku ya umeme kukatika. Oksijeni haiungui yenyewe, ila huufanya moto mdogo uwake ghafla, tena kwenye nguo na shuka zilizokwisha kuinywa. Sigara, mshumaa, kibatari na jiko vikae chumba kingine. Jioni ya Alhamisi, nyumba inapofukizwa udi, chetezo kibaki uani.