Wanawake wahamiaji wa Kilatino Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukifuatilia habari za wahamiaji Marekani, mwanamke wa Kilatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, utamkuta kwenye picha mbili: amembeba mtoto karibu na ukuta wa mpakani, au ameshika fagio nyumbani kwa mtu. Picha zote mbili zina ukweli. Shida ni maneno yanayofuatia, na mengine nimeyasikia hata kwetu, tena kwa watu wenye nia njema kabisa: kwamba hakusoma, hajui mambo ya fedha, uongozi kwao ni wa wanaume, na kwamba pasipo mfadhili hawezi kitu. Hata neno letu "kuwezesha", tusipoangalia, linatupoteza, kwa sababu linatufanya tudhani aliyesimama pale hawezi. Nianze na dhana inayoniuma zaidi.

"Hawajui kuweka akiba wala kukopa"

Mwanamke anayetoka Mexico kwenda Los Angeles anahama na tanda. Kaskazini mwa Mexico wanaiita cundina, Guatemala na El Salvador ni cuchubal, Jamhuri ya Dominika ni san, Peru ni junta. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu: ni upatu, ni mchezo, ni chama cha kupeana kwa zamu. Wanakaa wanawake kumi, wanapanga zamu, kila baada ya wiki mbili kila mmoja anatoa dola 100, na mwenye zamu anaondoka na dola 1,000. Wa kwanza kupokea amekopeshwa bila riba. Wa mwisho ameweka akiba. Fomu hakuna, dhamana hakuna. Kilichopo ni uso wa mwenzako, ambaye utakutana naye Jumapili kanisani hata kama umemwangusha.

Sasa ipeleke hesabu hiyo benki. Marekani mtu hupimwa kwa rekodi yake ya mikopo: ndiyo inayoangaliwa akitaka kupanga nyumba, kununua gari au kukopa mtaji. Kampuni zinazotunza rekodi hizo hazioni tanda. Mwanamke aliyecheza miaka kumi bila kukosa hata zamu moja, kwenye kompyuta zao hana habari yoyote, sawasawa na mtu ambaye hajawahi kushika fedha. Ndipo anapoishia kwa wakopeshaji wa mtaani wenye riba za kukausha damu, halafu watu wanasema hajui fedha.

San Francisco, katika mtaa wa Mission, kuna shirika lisilo la faida liitwalo Mission Asset Fund lililoanza mwaka 2007. Mwanzilishi wake, José Quiñonez, alihamia kutoka Mexico akiwa mtoto. Walichofanya ni kidogo, na uzuri wake uko hapo hapo. Waliichukua tanda kama ilivyo, wakaongeza saini: kila mshiriki anasaini mkataba wa mkopo usio na riba, na kila malipo yanaripotiwa kwenye kampuni za rekodi za mikopo. Basi. Tabia ni ile ile ya siku zote, ila sasa imeandikwa mahali inapoonekana. Mwaka 2014 California ikapitisha sheria ya kuitambua mikopo ya namna hiyo. Hapo hakuna aliyefundishwa kuweka akiba. Waliofundishwa ni wenye benki.

Grameen, ile benki ya mikopo midogo ya Bangladesh, nayo ilifungua tawi lake la Marekani mwaka 2008 katika mtaa wa Jackson Heights, Queens, New York, kwa vikundi vya wanawake watano watano, na wengi wa wakopaji wake wamekuwa Walatino.

"Wote ni Wamexico, wote wanaongea Kihispania"

La. Kuna Wahondurasi, Wadominika, Wakolombia, Wavenezuela, na Wabrazili wanaoongea Kireno. Wapuerto Rico si wahamiaji hata kidogo: ni raia wa Marekani tangu 1917. Na Oakland, California, wako akina mama wengi kutoka nyanda za juu za Guatemala ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimam, moja ya lugha za Kimaya. Kwao Kihispania ni cha shule na sokoni, Kiingereza ni lugha ya tatu. Ukiwaandalia darasa "kwa lugha yao" ukaleta mwalimu wa Kihispania, umewakosa. Sisi tuliokua na lugha ya mama, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza, hili lisitushangaze.

"Hawalipi kodi, na bila karatasi hawawezi kusajili chochote"

Tangu 1996 mamlaka ya kodi ya Marekani hutoa namba maalumu, ITIN, kwa mtu ambaye hana namba ya hifadhi ya jamii. Ina tarakimu tisa na huanza na 9. Kwa namba hiyo mhamiaji hulipa kodi ya mapato yake hata kama hana kibali cha kuishi nchini. Namba haimpi kibali cha kazi wala pensheni, inampa wajibu. Lakini imefungua njia. Mwaka 2014 California iliamua kwamba bodi za leseni za taaluma zisimnyime mtu leseni kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, hivyo msusi mwenye ITIN anaweza kufanya mtihani na kutundika leseni ukutani.

"Biashara yao ni ya kubangaiza tu"

Mwangalie muuza tamale. Saa tisa ya usiku anakanda unga wa mahindi na mafuta mpaka ulainike. Maganda ya mahindi yalilowekwa tangu jana. Anapaka unga kwenye ganda, anaweka nyama yenye pilipili, anakunja, anapanga kwenye sufuria refu la mvuke, zikiwa zimesimama wima ili maji yasiingie. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye kona ambako mafundi ujenzi wanangoja gari, sufuria limefunikwa kwa taulo. Ameshapiga hesabu ya unga, nyama, gesi na nauli, anajua akibakiwa na tamale ngapi amekula hasara. Mama ntilie yeyote angemsoma mara moja.

Kilichokuwa kikimdhoofisha ni sheria. Kwa miaka mingi Los Angeles ilihesabu uuzaji wa barabarani kuwa kosa la jinai. Mama alipigwa faini, akanyang'anywa mkokoteni, na akiwa hana karatasi, kesi ndogo ya tamale iliweza kumfikisha kwenye kufukuzwa nchini. Wachuuzi wenyewe, wengi wao wanawake, waliandamana na kutoa ushahidi kwa miaka kadhaa mpaka 2018, California ilipopitisha sheria ya kuondoa jinai hiyo. Ikabaki kanuni ya afya, iliyoandikwa kwa magari makubwa ya chakula na isiyowezekana kwa mwenye mkokoteni. Hiyo ilirekebishwa mwaka 2022.

Jiko lenye leseni nalo ni ghali kulipanga. Kwa sababu hiyo shirika la La Cocina la San Francisco, iliyoanza 2005, hukodisha jiko la pamoja kwa bei nafuu kwa watu wa kipato kidogo, hasa wanawake wahamiaji, na kuwasaidia kwenye vibali, bei na kutafuta soko. Kuna waliotokea pale wakafungua migahawa yao. Oakland nako wanawake wa Kilatino wameunda vyama vya ushirika vya usafi wa nyumba: anayesugua sakafu ndiye mwenye hisa, na kwenye mkutano ana kura. Brooklyn, New York, wenzao waliingia hadi kwenye simu. Programu ya Up & Go, iliyoanza 2017, ni mali ya vyama vya wasafishaji vyenyewe, na asilimia 95 ya anacholipa mteja inakwenda kwao. Nikilinganisha na programu za kawaida, ambazo mwenye programu hukata chake kwanza, naona hapa pana jambo ambalo madereva wa bodaboda wa kwetu wangelisoma kwa makini.

Na kama mtu bado anadhani biashara ya unga wa mahindi haifiki mbali, amtazame Romana Acosta Bañuelos. Alizaliwa Arizona mwaka 1925. Akiwa mtoto, familia yake ilisukumiwa Mexico katika ile kamatakamata ya watu wenye asili ya Mexico ya miaka ya 1930, ingawa yeye alikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Alirudi akiwa msichana, na mwaka 1949, akiwa na dola 400, akaanza kutengeneza tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi, huko Los Angeles. Kikawa kiwanda. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa benki ya Pan American National Bank huko East Los Angeles, na 1971 akateuliwa kuwa Mweka Hazina wa Marekani. Saini ya mtoto aliyefukuzwa ikachapishwa kwenye noti za dola.

"Hawakusoma"

Wako walioishia darasa la sita, kwa sababu kijijini shule iliishia hapo. Wako pia wahasibu, walimu na wauguzi, hasa kutoka Venezuela na Kolombia, wanaofuta meza za ofisi usiku kwa kuwa shahada zao hazikubaliwi mpaka zitafsiriwe, zithaminiwe, kisha mitihani ya leseni ya jimbo irudiwe, na kila hatua ina ada yake. Kuwaita wote "wasiosoma" ni kutokutazama.

Walioacha shule nao hawakuacha hamu. Mtihani wa GED, unaochukuliwa kama cheti cha sekondari, hufanywa pia kwa Kihispania. Serikali ya Mexico huendesha madarasa ya elimu ya msingi kwa watu wazima walio Marekani, yale yaitwayo plazas comunitarias. Kinachomtoa mama darasani mara nyingi ni saa. Zamu ya usafi inaanza jioni, darasa nalo linaanza jioni. Mtoto hana wa kubaki naye. Basi la mwisho linaondoka kabla kipindi hakijaisha. Weka chumba cha watoto pembeni mwa darasa, uone mahudhurio. Kwa watoto wenyewe, mlango ulifunguliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotoka Texas: shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa kuwa hana karatasi.

"Uongozi si jadi yao"

Hii nayo haina miguu. Luisa Moreno alizaliwa Guatemala mwaka 1907, akafika New York mwaka 1928, akashona nguo kiwandani Harlem. Kutoka kwenye ile cherehani alitokea mratibu wa vyama vya wafanyakazi: watengeneza sigara Florida, wafungasha matunda na samaki California, wengi wao wanawake. Mwaka 1939 alikuwa kiini cha mkutano mkubwa wa haki za watu wanaozungumza Kihispania uliofanyika Los Angeles. Serikali ilipotaka kumfukuza, aliahidiwa uraia akikubali kutoa ushahidi dhidi ya kiongozi mwenzake. Alikataa, na mwaka 1950 akaondoka nchini.

Ileana Ros-Lehtinen, mzaliwa wa Havana, alichaguliwa kuingia Bungeni mwaka 1989, Mlatino wa kwanza wa kike. Norma Torres alitoka Guatemala akiwa mdogo, akafanya kazi ya kupokea simu za dharura za polisi wa Los Angeles. Usiku mmoja simu ya mtoto wa kike wa miaka 11 ilisubiri kama dakika 20 kwa kukosa mpokeaji anayejua Kihispania. Torres alipoishika, alimsikia mtoto yule akiuawa. Alianza kupigania waajiriwe wapokeaji wa lugha mbili, na hapo ndipo siasa yake ilipoanzia. Tangu 2015 yuko Bungeni Washington.

Lakini uongozi mwingi hauna cheo. Sheria kubwa za kazi za Marekani za 1935 na 1938 ziliwaacha nje wafanyakazi wa ndani na wa mashambani, na pengo lile halijazibika lote. Wafanyakazi wa ndani walianza kulifunga pengo hilo jimbo kwa jimbo. New York ilikuwa ya kwanza, 2010. California, ambako chama cha Mujeres Unidas y Activas cha wanawake wahamiaji wa Kilatino kilikuwa mstari wa mbele, gavana alikataa kusaini mwaka 2012. Akina mama wakarudi Sacramento, makao makuu ya jimbo, na mwaka uliofuata akasaini malipo ya saa za ziada kwa wanaolea watoto na kuhudumia wazee majumbani. Sheria ile iliwekewa ukomo wa muda. Mwaka 2016, kabla haujafika, walirudi tena, ukomo ukafutwa.