Je, wajua seva moja hutofautishaje mamia ya tovuti zenye anwani moja?

Huko Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, shule ya mtaa wa Katuba, duka la vipuri vya magari karibu na soko la mtaa wa Kenya, na kampuni inayopitisha malori katika mpaka wa Kasumbalesa zinaweza kila moja kuwa na tovuti yake, na tovuti zote tatu zikawa zinakaa ndani ya kompyuta moja inayohifadhi tovuti, yaani seva, katika jengo la kaskazini mwa Ufaransa, zikitumia namba moja ya IP, yaani anwani ya mashine kwenye intaneti, pamoja na tovuti nyingine mamia za watu wasiojuana. Wenye tovuti hizo walikodi nafasi kwa kampuni ya seva, wakaweka humo programu ya tovuti kama WordPress, na kwa kawaida hawajui majirani zao ni akina nani. Hata hivyo mzazi wa Lubumbashi anayefungua tovuti ya shule hajikuti dukani. Seva inajuaje anataka ipi, ikiwa wote wamegonga anwani ileile?

Maelezo yanayosikika mara nyingi, hata katika mafunzo ya kompyuta, ni kwamba jina la tovuti hugeuzwa kuwa namba, na namba hiyo ndiyo anwani ya tovuti. Nusu ya kwanza ni sahihi. Mfumo wa majina, DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, hufanya kazi hiyo hasa: simu yako inauliza jina, inajibiwa namba. Kosa limo katika nusu ya pili. Namba ya IP haielekezi kwenye tovuti. Inaelekeza kwenye mashine, na mashine hiyo inaweza kubeba tovuti moja au elfu moja.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini anayeikosa hukosea mambo mengi baada yake. Ataamini kwamba tovuti mbili haziwezi kuwa na namba moja, au kwamba akiijua namba ya tovuti anaweza kuifungua bila jina lake. Jaribio la haraka linaonyesha vinginevyo: chukua namba ya tovuti iliyo kwenye seva ya pamoja, iandike peke yake katika kivinjari, na mara nyingi utapata ukurasa wa kampuni ya seva, au onyo la usalama, au hata tovuti ya mtu mwingine kabisa. Tovuti uliyoitafuta ipo palepale, nzima, ila hukuiita.

Kosa hilohilo limewahi kufika mahakamani. Huko Pennsylvania, Marekani, sheria iliwalazimisha watoa huduma za intaneti kuzuia tovuti zenye picha za unyanyasaji wa watoto, na baadhi yao wakazizuia kwa namba za IP. Katika hukumu ya Septemba 2004, kesi ya Center for Democracy and Technology dhidi ya Pappert, mahakama iliona kwamba juhudi za kuzuia tovuti zisizofika 400 zilizifunga tovuti zaidi ya milioni moja zisizo na hatia, na ikaibatilisha sheria hiyo. Mwaka uliotangulia, mtafiti Benjamin Edelman wa Harvard alikuwa amepima majina ya .com, .net na .org, akakuta zaidi ya asilimia 87 ya majina yenye tovuti yanagawana namba na majina mengine. Kiwango hicho ni cha 2003 na cha majina ya aina hizo tatu, kwa hiyo si halali kukibandika kwenye intaneti ya leo au kwenye majina ya .cd ya Kongo, kinachothibitika ni kwamba kugawana namba kulikuwa jambo la kawaida tangu wakati huo.

Jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, mtu wa Lubumbashi ana mfano wake karibu: lupango, yaani kiwanja chenye nyumba za kupanga, lenye wapangaji wengi. Lango ni moja, namba ya avenyu ni moja, lakini ndani kuna milango sita, ukiwemo wa mama mshonaji, wa fundi redio, wa mwalimu na wa familia iliyohamia kutoka Likasi. Namba inamfikisha mgeni langoni tu. Akishafika ni lazima aseme anamtafuta nani, na aliyeko langoni atamwonyesha mlango. Akitaja jina lisilojulikana, anaweza kurudishwa, au akapelekwa tu kwenye mlango wa kwanza. Kivinjari nacho hufanya hivyo. Kikishafika kwenye mashine kwa kufuata namba, hutuma ujumbe mfupi wa maandishi wenye ombi la ukurasa, na ndani ya ujumbe huo kuna mstari unaoanza na neno Host, ukifuatwa na jina la tovuti kama ulivyoliandika. Programu ya seva, tuseme Apache au Nginx, inasoma mstari huo, inaangalia orodha yake ya majina, na kuona kila jina limepewa folda gani. Jina lisipokuwemo katika orodha, Apache hutoa tovuti iliyoandikwa ya kwanza katika mipangilio yake, na hiyo ndiyo sababu namba tupu inaweza kukufikisha kwa jirani usiyemjua.

Yote haya yanategemea mstari mmoja wa maandishi, na mstari huo haukuwapo tangu mwanzo. Kanuni za HTTP 1.0, yaani za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, zilizochapishwa Mei 1996, hazikukilazimisha kivinjari kutaja jina. Kilifika langoni na kuomba ukurasa bila kusema wa nani, kwa hiyo tovuti ya kawaida ilihitaji namba yake. Namba za IP za toleo la nne ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mwendo huo ungezimaliza upesi. Kanuni za HTTP 1.1, Januari 1997, zililifanya tamko la jina kuwa sharti: ombi lisilo na mstari huo lazima likataliwe kwa jibu la kosa namba 400. Kuokoa namba kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa waziwazi. Hata hivyo akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011, yalipogawiwa mafungu matano ya mwisho, moja likienda kwa AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa namba kwa Afrika. Kwa maoni yangu ni vigumu kuona jinsi duka dogo la Lubumbashi lingemudu bei ya tovuti kama kila moja ingehitaji namba yake.

Usimbaji wa siri ulileta kikwazo ambacho ni cha ajabu kidogo. Tovuti ya https hulifunga ombi lote, pamoja na mstari wa jina, na ili lifunguliwe seva inapaswa kwanza kuonyesha cheti, yaani uthibitisho wa utambulisho, cha tovuti inayotafutwa. Lakini haiwezi kuchagua cheti kabla ya kulijua jina, na jina limo ndani ya ombi lililofungwa. Mgeni wa lupango ameandika jina kwenye karatasi, akaitia katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mwenyeji ambaye bado hajatajwa. Ufumbuzi, uliochapishwa Juni 2003 kwa jina la SNI, ni kulitaja jina kwa sauti langoni kabla ya sanduku kufungwa. Ulichelewa kuenea, kwa kuwa Internet Explorer kwenye Windows XP haikuuelewa, na Microsoft iliihudumia XP hadi Aprili 2014. Na kinachotajwa kwa sauti husikika: kampuni ya simu haisomi unachofanya ndani ya tovuti, lakini inaweza kuliona jina lake. Mbinu mpya zaidi huficha hata jina hilo, ila sharti kivinjari na seva vyote viikubali.

Ndani ya seva kila mpangaji ana folda yake, hifadhidata yake na nenosiri lake. Kichakato, kumbukumbu na namba vinatumiwa na wote. Jirani mmoja akituma barua taka, namba inaweza kuingia katika orodha nyeusi, na barua za shule ya Katuba zikaanza kukataliwa bila shule kufanya kosa lolote.

Jina la .cd, lililoanza 1997 na kuchukua nafasi ya .zr ya enzi za Zaire iliyofutwa 2001, halisemi chochote kuhusu mahali mashine ilipo. Umbali unagharimu muda tu: kutoka Lubumbashi hadi kaskazini mwa Ufaransa ni takriban kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70.

Gharama nzito zaidi, ile ya kuweka tovuti nyingi mahali pamoja, ilionekana Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo moja la seva za kampuni ya OVHcloud na kuharibu sehemu ya jengo la jirani. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na baadhi ya wateja walipoteza data kabisa kwa sababu hata nakala zao zilikuwa palepale. Aliyekuwa na nakala kwingine aliweza kukodi mashine nyingine, kupakia faili na hifadhidata, kisha kubadilisha namba katika DNS. Jina likabaki lilelile, likaelekea kwenye lango jipya. Hilo linawezekana tu ikiwa jina limesajiliwa kwa mwenye tovuti mwenyewe, wala si kwa fundi aliyemtengenezea, na katika kuhama kwa kawaida seva ya zamani haizimwi mara moja, kwa kuwa simu na kompyuta nyingi hukumbuka namba ya awali kwa saa kadhaa na zitaendelea kubisha kule.