Kiyoyozi cha R-22 si lazima kitupwe
Wengi huamini kwamba nchi ikipanga kuachana na kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, mwenye kiyoyozi cha zamani kinachotumia R-22, gesi ya kupoozea iliyo miongoni mwa kemikali hizo, atalazimika kukitupa. Hofu hiyo inaeleweka, maana gesi ikiadimika bei hupanda. Lakini Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, inabana uzalishaji na uagizaji wa gesi, si kumiliki mashine. Kwa nchi zinazoendelea, kundi la gesi lenye R-22 hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya wastani wa 2009 na 2010: kwa asilimia 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025, 97.5 mwaka 2030. Kiasi kidogo cha gesi kwa ajili ya matengenezo hubaki hadi 2040.

Soma kibandiko cha kiyoyozi au nyuma ya friji ujue kinatumia gesi gani: gesi za R-134a na R-600a haziharibu ozoni. Na fundi akisema gesi "imeisha" tu, mwombe kwanza atafute panapovuja.