Chuo cha jamii na utafiti wa mazingira Marekani: dhana potofu na ukweli

Kwenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili Marekani, za Wakongomani, Wakenya, Warundi na wengineo, kijana akiingia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, huambiwa asome tu, mambo ya utafiti atayakuta mbele ya safari. Kwa anayesomea sayansi ya mazingira, ushauri huo unamkosesha nafasi ambazo zimetengwa kwa ajili yake, tena kwa maandishi.

Dhana: Utafiti ni wa walio chuo kikuu.

Tusome masharti yenyewe. NSF, wakala wa serikali ya Marekani unaofadhili sayansi, una mpango uitwao REU ulioanza 1987. Unawapeleka wanafunzi ambao hawajapata shahada ya kwanza kwenye vituo vya utafiti, hasa wakati wa kiangazi. Anayestahili ni yeyote anayesomea shahada ya kwanza au ile ya miaka miwili, awe anasoma muda wote au nusu muda. Hata aliyemaliza chuo cha jamii mwezi Mei na anasubiri kuanza chuo kikuu baada ya kiangazi hajaachwa nje, masharti yanamtaja. Vituo vinavyopewa fedha hizo vinatakiwa pia kuchukua wanafunzi kutoka vyuo ambavyo nafasi za utafiti ni haba. Kwa hiyo usione aibu kueleza kwenye maombi kwamba chuo chako hakina maabara ya utafiti. Eleza wazi, maana jambo hilo linakusaidia.

Wizara ya Nishati ya Marekani nayo ina mpango wa mafunzo kazini uitwao CCI, ulioanzishwa mahsusi kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii, kwenye maabara za taifa kama Oak Ridge kule Tennessee na Lawrence Berkeley kule California. Jimboni Colorado, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kimeendesha mpango wa utafiti uitwao RECCS kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii vya jimbo hilo.

Dhana: Utaishia kuosha chupa za maabara.

Chupa zitaoshwa, ndiyo, lakini tazama kazi yenyewe ilivyo. Harvard Forest ni msitu wa utafiti ulioko Petersham, Massachusetts, na kwa miaka mingi umepokea wanafunzi wa kiangazi. Mwaka 1991 watafiti walianza kupasha joto udongo wa msitu huo kwa nyaya za umeme zilizofukiwa sentimita 10 chini, ili uwe na nyuzi 5 za Selsiasi zaidi ya udongo wa jirani. Walitaka kujua msitu utafanya nini dunia ikizidi kupata joto. Anayepima hapo hupiga magoti, hufunika kipande cha ardhi kwa chombo, na kwa dakika chache hufuatilia jinsi hewa ya ukaa inavyoongezeka ndani yake. Kisha huhamia kipande ambacho hakijapashwa joto na kurudia yale yale. Mgongo unauma na mbu hawana huruma. Ila ni vipimo vya namna hiyo, vilivyorundikana kwa zaidi ya miaka 25, vilivyoonyesha kwamba udongo uliopashwa joto hupoteza kaboni kwa awamu: hupoteza, hutulia, halafu huanza tena. Katika programu hizi mwanafunzi hupewa swali lake na msimamizi wake, na mwishoni husimama mbele ya wanasayansi kueleza alichokipata.

Dhana: Ni kiangazi bila kipato.

Wazazi wengi husukuma kijana aende ghalani kupanga mizigo kwa sababu hii, na siwalaumu, kodi ya nyumba haisubiri. Lakini programu nyingi za REU zimekuwa zikilipa posho ya dola 600 hadi 700 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 10 hivi, na mara nyingi malazi na nauli hulipiwa kando ya posho. Fanya hesabu hiyo mezani pamoja na mama na baba kabla ya kukataa.

Dhana: Makaratasi ya uhamiaji hayana neno, mradi uko chuoni.

Hapa watu huumia. Posho ya REU ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. CCI nayo ina sharti kama hilo. Aliyeingia kama mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini, kwa hiyo fomu hiyo isikae kabatini. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 bado ana njia: kufanya utafiti na mwalimu kama somo lenye alama, au kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Dhana: Lazima uwe na alama za juu kabisa na uzoefu.

CCI hutaka wastani wa alama (GPA) wa 3.0 kati ya 4.0. Programu nyingi za REU hazidai uzoefu wowote, na baadhi hupendelea ambaye hajawahi kufanya utafiti. Kinachowaangusha wengi ni tarehe. Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi, na bajeti hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba programu ipo mwaka huo. Barua ya mapendekezo iombe mapema, kabla mwalimu hajaenda likizo ya Desemba, na umpe maelezo ya programu unayoomba. Mwalimu wa kemia aliyekuona ukirudia jaribio lililoharibika ana mengi ya kuandika.