Je, wajua kwa nini domo la bata, yani saksafoni, la klasiki halina nyimbo za Mozart?

Ukitaja saksafoni kwetu mtu anawaza bendi ya dansi, domo la bata linalia huku magitaa yanachangamka. Ila kuna wapulizaji ambao maisha yao yote ni kumbi za klasiki, suti nyeusi, karatasi ya noti mbele, na ukiangalia wanachopiga hukuti Mozart wala Beethoven, unakuta watunzi ambao wengine wako hai na simu wanapokea. Kwa nini?

Chombo kilichelewa kuzaliwa, basi. Adolphe Sax, Mbelgiji mwenye karakana yake Paris, alipata hataza mwaka 1846, wakati huo Mozart kafa tangu 1791 na Beethoven 1827. Halafu kikakosa na bahati, maana darasa la saksafoni alilofundisha Sax mwenyewe pale Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, lilifungwa 1870 likaja kufunguliwa 1942 chini ya Marcel Mule, yani miaka 72 hamna kitu!

Sasa kama babu hajakuachia shamba si unaenda kuomba la kulima? Ndo alichofanya Jean-Marie Londeix, Mfaransa, mwanafunzi wa Mule. Alishirikiana na watunzi wengi sana wakamwandikia kazi mpya, mmoja wao Mrusi Edison Denisov aliyemtungia sonata ya saksafoni na piano, Londeix akaipiga kwa mara ya kwanza Chicago Desemba 1970. Mle ndani kuna vituko, kuna robo toni, yani sauti zinazojificha katikati ya noti za kawaida, kuna sehemu chombo kimoja kinatoa sauti mbili tatu kwa mpigo.

Hiyo ya sauti nyingi wanaiita maltifoniki. Unashika vitufe kwa mpangilio usio wa kawaida, hewa ndani ya bomba inatetemeka kwa namna zaidi ya moja, midomo na koo navyo vinatakiwa vitulie pale pale, ukilegea kidogo tu imepotea. Kingine ni kupuliza bila kukata, mashavu yanahifadhi hewa kidogo unaisukuma nje wakati pua inavuta nyingine, ujanja ambao wapiga zumari wa pwani wanautumia ngomani bila kuwahi kukanyaga Conservatoire yoyote.

Na hapa ndo utaelewa kwa nini hawa watu lazima wafundishe pia. Mambo haya karatasi haiyasemi yote, Londeix alifundisha Bordeaux kuanzia 1971 mpaka 2001, na 1989 akatoa kitabu cha kuwaonyesha watunzi chombo kinaweza nini. Mtunzi anachora tu vitufe vya kubonyeza juu ya noti, mwanafunzi anabonyeza vilevile, anapuliza, na mara ya kwanza kinachotoka ni bata kweli, tena kakanyagwa.