Laini ya Bongo ughaibuni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtanzania aliyeko nje anaweza kukaa muda mrefu bila kuikumbuka laini yake ya nyumbani, mpaka siku benki inapomwambia kwamba namba za uthibitisho zimetumwa kwenye ile simu ya zamani. Hapo ushauri humiminika kwenye magrupu: weka vocha, washa simu, mwambie mdogo wako akurudishie laini. Mwingi wa ushauri huo ulifaa kabla ya mwaka 2020. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, mambo karibu yote ya maana hufanyika kabla ya kupanda ndege, kwa sababu vidole vyako unaondoka navyo.

"Namba ni yangu, nimeisajili kwa NIDA yangu"

Usajili unaonyesha nani anaitumia namba, lakini haumpi umiliki. Namba za simu ni rasilimali ya taifa chini ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ambayo huyapa makampuni mafungu: 074, 075 na 076 za Vodacom, 068, 069 na 078 za Airtel, 065, 067 na 071 za Yas, tuliyoizoea kwa jina la Tigo hadi mwishoni mwa 2024. Kampuni nayo inakuazima tu.

Piga hesabu kidogo. Baada ya tarakimu tatu za mwanzo zinabaki saba, kwa hiyo kila fungu lina namba milioni 10 na si moja zaidi. Laini zilizosajiliwa nchini zimeshapita milioni 70. Laini iliyolala basi haiachwi ikae milele: hufungwa, huwekwa pembeni kwa muda, kisha hurudi dukani na kuuzwa kwa mtu wa Kahama ambaye hajawahi kukusikia. Huyo hajakuibia. Amenunua laini mpya kama mtu yeyote, na sasa anashangaa kwa nini watu asiowajua wanampigia wakimwita shangazi.

"Ina salio la elfu ishirini, haiwezi kufungwa"

Dhana hii ndiyo inayoponza watu wengi kuliko zote. Kwa kawaida mtandao hautazami kiasi cha salio kilichomo. Unatazama ni lini laini ilifanya jambo la kulipiwa kwa mara ya mwisho: kupiga simu, kutuma meseji, kutumia bando, kuongeza vocha. Laini yenye shilingi 20,000 ambazo hazijaguswa na laini yenye sifuri zinaweza kulala pamoja na kufungwa pamoja. Muda unaoruhusiwa hutofautiana mtandao kwa mtandao, na huhesabiwa kwa miezi, si kwa miaka. Waulize huduma kwa wateja kwa 100 ukiwa bado nchini, maana namba hiyo fupi haipigiki kwa laini ya kigeni. Na waulize swali lililonyooka: ni kitendo gani kinachohesabika kwamba laini inatumika, na je, vocha niliyorushiwa na ndugu inahesabika?

Kwa mitandao mingi vocha inahesabika. Mimi hata hivyo naamini zaidi meseji moja kila mwezi, iliyotumwa na laini yenyewe kutoka huko uliko. Gharama yake ni ndogo, na inakuhakikishia mambo mawili kwa mpigo: laini imetumika, na bado inasoma mtandao. Vocha ya ndugu haiwezi kukuambia hilo la pili.

"Simu ipo kwa mama, imewashwa muda wote"

Kuwashwa kunaujulisha mtandao kwamba laini iko karibu na mnara fulani, basi. Kupokea simu na meseji nako mara nyingi hakuhesabiwi, kwa sababu anayelipa ni yule aliyepiga. Mama akipiga simu kwa laini hiyo, sawa, laini itaishi. Ila hapo unaingia kwenye jambo jingine ambalo watu hulichukulia kirahisi mno.

Laini hiyo ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki yako, na sasa ipo mikononi mwa mtu mzima anayeamini kila anayejitambulisha kwa adabu. "Shikamoo mama, tunapiga kutoka huduma kwa wateja, tusomee hizo namba zilizoingia sasa hivi." Mama atavaa miwani na kusoma. Pia kuna upande wa sheria: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka laini isajiliwe kwa jina la mtumiaji. Laini ikishatoka kwa mama ikahamia kwa binamu, na binamu akaanza kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", jina litakaloonekana kwenye mfumo ni lako wewe uliyeko Muscat.

Kabla ya kuondoka piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wengine hukuta laini ambayo hawakuisajili kamwe. Iende kufutwa dukani siku hiyo hiyo. Na waliobaki nyumbani waambie kwamba meseji za utapeli hutumwa 15040, wasizifute tu.

"Nikifika, laini itasoma yenyewe"

Inaweza kusoma, inaweza isisome. Ili laini ya Tanzania ifanye kazi nje, lazima kampuni yako iwe na mkataba na kampuni ya huko, na huduma hiyo, ambayo wengi wanaiita romingi, iwe imewashwa kwenye laini yako. Iwashe ukiwa Dar na uthibitishe, kwa sababu kuiwasha ukiwa tayari nje kunahitaji laini inayosoma, na yako haisomi.

Kuhusu gharama, watu wameogopa hadi wanaitoa laini kabisa. Woga huo una sababu: intaneti ya simu ukiwa nje inakula salio kama moto wa nyasi, na simu unayoipokea unailipia wewe pia. Lakini kupokea meseji kwa kawaida ni bure, na meseji ndiyo unayoihitaji. Zima data ya laini ya nyumbani kwenye mipangilio, usipokee simu zake, iache ikae nafasi ya pili ikisubiri meseji za benki.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa simu hawalitaji. Watu wengi huiweka laini ya nyumbani kwenye kitochi, wakiamini betri yake inakaa wiki nzima. Kitochi cha zamani kinatumia mitambo ya 2G au 3G, na nchi kadhaa zimeshaizima. AT&T ya Marekani ilizima 3G Februari 2022. Australia ilimaliza kuizima Oktoba 2024. Singapore ilishafunga 2G tangu 2017. Ukifika huko na kitochi chako, laini ni nzima, salio lipo, romingi imewashwa, na bado skrini inaandika hakuna huduma. Weka laini kwenye simu ya 4G.

"eSIM imemaliza matatizo yote"

eSIM ni laini inayokaa ndani ya simu yenyewe, bila kadi ya kuchomeka. Imetatua tatizo moja, ikaleta jingine. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14, lililotoka 2022, hazina tundu la kadi hata kidogo. Mwaka 2025 iPhone 17 ilikuja hivyo hivyo kwa soko la Oman, Emirates, Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Dada anayefanya kazi Muscat akinunua simu hiyo mpya, laini yake ya plastiki kutoka Tanga haina pa kuingia. Akiwa amebadilisha kuwa eSIM kabla ya kuondoka, hana shida. Akiwa hajabadilisha, abaki na simu yake ya zamani yenye tundu.

Kuhusu kufungwa, eSIM haina upendeleo wowote. Isipotumika, inalala na kuuzwa upya kama kadi ya plastiki.

"Ikipotea, kaka atanirudishia"

Zamani, ndiyo. Kaka alikwenda kwa wakala na kitambulisho chochote na namba tatu ulizopiga karibuni, akarudi na laini. Usajili wa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 2019, na baada ya Januari 20, 2020 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Waliokuwa nje wakati huo wanakumbuka vizuri. Leo kurudisha laini kunataka kidole chako mwenyewe kwenye mashine, kilinganishwe na kilichoko NIDA. Kaka hana kidole hicho.

Sheria hii inaudhi ukiwa Manchester na simu imeibiwa kwenye treni. Hata hivyo ndiyo inayomzuia tapeli wa Sumbawanga kuichukua namba yako kwa maneno matamu, na mimi siwezi kuilaumu. Kilichobaki ni kujipanga: usitembee na laini ya nyumbani kwenye simu ya mfukoni kama unayo simu ya pili, na iwekee namba ya siri ya kadi ili mwizi asiitumie hata akiihamishia simu nyingine.

"WhatsApp yangu inafanya kazi, kwa hiyo laini ni nzima"

WhatsApp haiiulizi laini kila siku. Inaiuliza unapojisajili au kubadilisha simu, kwa namba sita zinazokuja kwa meseji, kisha inaendelea kwa intaneti. Mtu anaweza kukaa Houston akichati kwa namba ya 0754 wakati laini yenyewe ilikufa zamani, na kila chati inamthibitishia kosa lake.

Siku yule wa Kahama atakapoweka WhatsApp, namba sita zitaenda kwake. Wewe utatolewa nje, na simu yako ikipotea au ikiharibika hutaweza kurudi. Uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya WhatsApp, hukupa muda tu, haikurudishii namba. Na ukiacha kuitumia akaunti kwa siku 45, kisha namba ikawashwa kwenye simu nyingine, WhatsApp huchukulia kwamba namba imepata mtu mpya na hufuta taarifa za zamani. Akaunti isiyotumika kabisa hufutwa baada ya siku kama 120.

Ukiona laini ya nyumbani imekufa na WhatsApp bado ipo hewani, usisubiri. Ingia kwenye mipangilio, kwenye akaunti, chagua kubadilisha namba, weka namba yako ya huko uliko. Magrupu yanahama nawe.

"Laini ikifungwa, pesa za M-Pesa zimekwenda"

Hazijaenda. Pesa za wateja wa simu hukaa benki kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa za kampuni, na laini ikifungwa bado ni zako. Kinachokusumbua ni kuzifikia: utalazimika kwenda mwenyewe dukani na kitambulisho. Kenya wamekwenda mbali zaidi. Salio la M-Pesa lililokaa bila mwenyewe hupelekwa kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ambako unaziomba huko. Ni rahisi zaidi kuhamishia benki kila kitu kabla ya safari.

Menyu ya *150*00# nayo hupita kwenye mtandao wa simu, haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo Wi-Fi nzuri ya nyumba yako Leeds haiisaidii chochote. Programu ya benki ni afadhali. Iweke ukiwa bado Tanzania, ijaribu, kisha toa laini kwenye simu, washa Wi-Fi pekee, ujaribu tena kutuma hela kidogo. Ikidai meseji hapo, umejua mapema. Benki inayokubali namba ya kigeni ibadilishie namba tawini, ukiwa umesimama mbele ya karani.

"Nikirudi nitaihamishia mtandao mwingine"

Kuhama mtandao na namba yako kumeruhusiwa Tanzania tangu Machi 2017, lakini inayohama ni namba iliyo hai kwa jina lako. Iliyofungwa haihami. Ukirudi na kukuta yako imefungwa ila haijauzwa, nenda duka la mtandao wenyewe na NIDA yako, si kwa wakala wa mwavuli, na uombe irudishwe. Mara nyingine inawezekana. Ikishauzwa, chukua laini mpya, kisha anza mzunguko na kitambulisho mkononi: benki zote, NSSF, TRA, bodi ya mikopo kama bado unadaiwa, na popote ulipowahi kuandika ile ya zamani.